Namna ya kupanga bei ya Subaru STI unapoiuza mwenyewe

Mwenye STI, ile Subaru ya kasi, huwa na bei mbili kichwani kabla hata hajalipiga gari picha ya kwanza. Moja ni bei aliyonunulia. Nyingine ni jumla ya risiti zilizojaa kwenye kisanduku cha dashibodi: tairi, rimu, ekzosi, klachi, mafundi. Mnunuzi hajali hata moja kati ya hizo mbili.

Nasema hivyo kwa sababu nilipouza STI yangu ya bluu, aina ya GRB, hapa Nairobi nilianza kwa kujumlisha risiti, nikatangaza kwa jumla hiyo. Gari lilikaa miezi mitatu kwenye maegesho, betri ikafa mara mbili. Nilipopanga bei upya kwa njia ninayoieleza hapa, liliondoka ndani ya wiki mbili, na sikuona kwamba nimepunjwa.

Mnunuzi wa gari hili anaogopa kitu kimoja kuliko vyote: injini kunoki, yaani kugonga na kufa, mwezi wa kwanza. Kila mmoja ana rafiki au binamu aliyekutwa na hilo. Kwa hiyo bei utakayopata itategemea sana ni kiasi gani cha hofu hiyo umeiondoa kwa ushahidi wa karatasi, kabla hamjaanza kupatana.

1. Soma namba ya fremu

Neno STI limebandikwa kwenye magari mengi kuliko yaliyotoka nalo kiwandani. Nembo ya waridi hununuliwa dukani na kubandikwa kwa dakika tano. Fungua boneti utafute namba ya fremu. Herufi tatu za mwanzo ndizo zinazosema ukweli.

GDB ni STI ya kizazi cha pili, ya 2000 hadi 2007. GRB ni ile hachibeki iliyotoka Japani Oktoba 2007, yenye nguvu farasi 308 na gia sita za mkono. GVB ni sedani yake, iliyofuata 2010. GRF na GVF ni A-Line, yaani injini ya lita 2.5 na gia tano za otomatiki. VAB ndiyo STI ya 2014 kuendelea. VAG inafanana nayo kwa sura lakini ni WRX S4, yenye injini nyingine kabisa na gia za otomatiki za CVT. Na GH8, ambayo wengi hulipachika bampa na nembo za STI, ni Impreza S-GT ya farasi 250.

Kila moja ya hizi ina soko lake na wanunuzi wake. Anayetafuta gia za mkono hatanunua A-Line hata ukimpunguzia, na anayemnunulia mkewe gari la kwenda kazini Upper Hill anaweza kuipenda A-Line kuliko GRB. Ukilinganisha bei za VAG na VAB ukidhani ni gari moja, umeshapotea kabla ya kuanza.

Ukiwa hapo kwenye boneti, soma pia namba ya injini uilinganishe na ile iliyo kwenye logibuku. Magari haya mengi yamebadilishiwa injini baada ya kunoki, na mwenye gari hakwenda NTSA, mamlaka ya usafiri, kusajili mabadiliko. Namba zisipolingana, shughulikia jambo hilo kwanza. Mnunuzi mwenye akili ama ataondoka, ama atakata pesa nyingi kuliko gharama ya kurekebisha. Halafu ingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, utoe taarifa ya umiliki ya gari lako mwenyewe. Ada yake ni ndogo, na inaonyesha kama bado kuna benki au mkopeshaji aliyeandikishwa pamoja nawe. Wako watu waliomaliza mkopo miaka minne iliyopita na jina la benki bado limo.

2. Pima injini kabla hujafikiria namba yoyote

Hapa ndipo pesa zilipo, kwa hiyo usipite haraka.

Injini ya EJ yenye tabo, ndiyo iliyomo kwenye STI hizi, ina magonjwa yanayojulikana. Beringi za konrodi huliwa mafuta yakipungua au yakikaa muda mrefu bila kubadilishwa. Kingo za pistoni zinazoshika ringi huvunjika gari likipigwa programu ya nguvu huku likinyweshwa petroli ya kawaida, maana injini hii ilitengenezwa kwa petroli bora ya Japani. Gasketi ya silinda huachia, hasa kwenye ile ya lita 2.5, na gari linaanza kuchemsha kwenye mlima. Mnunuzi anayajua haya yote. Ameyasoma usiku kucha kabla ya kukupigia.

Mpelekee gari fundi anayezifahamu injini hizi, si fundi wa kila kitu, umwombe apime kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo, ya silinda zote nne. Usiende mahali unapodaiwa wala kwa rafiki wa kukufurahisha. Injini iwe imepata moto. Fundi atakata mfumo wa petroli na wa cheche, atafungua plagi, na kwenye Subaru plagi ziko ubavuni, karibu na chuma cha bodi, mkono unaingia kwa kukunjwa. Atasokomeza geji kwenye tundu, wewe ukanyage mafuta mpaka chini na kuzungusha ufunguo. Geji inaruka, inapanda hatua kwa hatua, inasimama.

Siku yangu fundi alikuwa akiandika namba kwa kalamu ya mkaa kwenye kipande cha katoni ya mafuta: 150, 148, 152. Ya nne akairudia mara mbili bila kusema neno. Silinda ya nne ndiyo inayoogopwa zaidi kwenye injini hizi, nami nilikuwa nimeshika mlango wa gari kama ninayesubiri majibu ya hospitali. Ikatoka 147. Katoni ile niliipiga picha, nikamwomba aniandikie namba hizo kwenye karatasi yenye muhuri wa gereji, pamoja na tarehe na kilomita za dashibodi.

Ukubwa wa namba yenyewe hutofautiana kidogo kutoka geji hadi geji. La kuangalia ni ukaribu wake. Nne zikikaribiana, injini ina afya. Moja ikishuka sana chini ya wenzake, mathalani 115 penye 150, una gari lenye ugonjwa, na lazima uliuze kama gari lenye ugonjwa. Usilifiche. Atakayenunua atakuja na fundi wake apime vilevile, na akikuta ulijua ukanyamaza, biashara imekufa, na habari zako zitafika kwenye makundi ya WhatsApp ya wenye Subaru kabla hujafika nyumbani. Jamii hii ni ndogo kuliko unavyodhani.

Gharama ya kipimo ni ndogo ukiilinganisha na unachopata. Karatasi ile moja ilinisaidia zaidi kuliko picha ishirini za gari likiwa limeoshwa.

Pamoja na kompresheni, kusanya karatasi nyingine: mkanda wa taiming ulibadilishwa lini na kwa kilomita ngapi (wengi hufanya hivyo kila kilomita 100,000, waangalifu mapema zaidi), risiti za mafuta ya injini, na karatasi ya mnada ya Japani kama uliagiza gari mwenyewe. Karatasi ya mnada yenye alama 4 au 4.5 na kilomita zinazofuatana vizuri na za leo huzima kabisa mjadala wa kurudishwa kwa kilomita. Kama gari lilikuwa na alama R, yaani liliwahi kugongwa likatengenezwa, sema mapema.

3. Tafuta bei zilizouziwa, si zilizotangazwa

Bei ya tangazo ni ndoto ya muuzaji. Kinachokufaa ni pesa iliyobadilisha mikono.

Chukua daftari. Kwa wiki mbili, andika kila tangazo la gari lenye herufi za fremu kama zako, gia kama zako, na umri usiopishana sana. Andika bei, kilomita, rangi, eneo, na tarehe uliyoliona. Pitia Jiji, PigiaMe, Facebook, na makundi. Weka alama pembeni kwa magari ya yadi, maana yadi huongeza faida yake na hupokea gari la zamani kama sehemu ya malipo. Bei yao hukaa juu ya yako kwa haki kabisa.

Kisha ngoja. Tangazo likitoweka, piga ile simu. Watu wanadhani muuzaji atakufokea, lakini mara nyingi anafurahi kusimulia.

"Habari yako, kaka. Ile STI ya bluu bado ipo?"

"Ilishaenda, bro. Jumamosi."

"Hongera. Nami nauza kama yako, natafuta mwanga wa bei. Ilitoka ngapi, kama si siri?"

Watatu kati ya watano watakuambia. Wengine watakuongezea kidogo kwa ajili ya heshima, kwa hiyo mtu akisema "kama moja nane hivi", andika moja saba na nusu, yaani 1,750,000. Ukipata bei nne za kweli, una soko mkononi kuliko dalali yeyote atakayekuambia "gari hizi zimeshuka sana siku hizi."

Ripoti ya thamani uliyofanyiwa kwa ajili ya bima usiitumie kama bei. Ile iliisaidia kampuni ya bima kujua italipa kiasi gani gari likiibwa, na mara nyingi imekaa juu. Mnunuzi akioneshwa ile anatabasamu tu.

4. Asiponunua lako, atapata wapi lingine?

Swali hili hubadilisha bei kwa laki kadhaa, na wauzaji wengi hawajiulizi.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa 2026 maana yake ni magari ya 2019 kuendelea. GDB, GRB, GVB na A-Line zote zimeshapita mpaka huo zamani. Zilizomo nchini ndizo hizo hizo, na kila mwaka kadhaa zinaishia mtaroni au kukatwakatwa kuwa spea Kirinyaga Road. Hivyo GRB safi haifuati kanuni ya kawaida ya gari kushuka bei kila mwaka. GRB chafu inaifuata, tena kwa kasi. Pengo kati ya hizo mbili linazidi kupanuka, na ndiyo maana nimekusisitizia ushahidi wa hali ya injini.

VAB hesabu yake ni tofauti kidogo. Japani ilihitimisha STI ya injini ya EJ20 mwishoni mwa 2019 kwa toleo la mwisho la magari 555, na Machi 2022 Subaru ikatangaza kwamba STI ya petroli ya kizazi kipya haitatengenezwa. Kwa hiyo dirisha la kuagiza VAB linafungwa mbele ya macho yetu. Lakini mradi liko wazi, mnunuzi wako anaweza kuagiza, na gharama ya kuagiza ndiyo dari ya bei yako.

Ikokotoe. Kwa viwango vya 2025, gari la petroli lenye injini ya zaidi ya cc 1500 na isiyozidi cc 3000 hulipiwa ushuru wa forodha 35%, kisha ushuru wa bidhaa 25% juu ya jumla hiyo, kisha VAT 16% juu ya jumla mpya, pamoja na ada ya tamko la uagizaji 2.5% na ya reli 2%. Ukiifuata hatua kwa hatua, kila shilingi 100 ya thamani ya forodha inazaa kodi ya takriban shilingi 100. Na thamani hiyo KRA, mamlaka ya kodi, huitoa kwenye orodha yake ya bei, ikiondoa uchakavu kulingana na umri; haiangalii ulinunua mnadani kwa bei gani. Omba wakala wa Mombasa akupigie hesabu ya VAB ya mwaka kama wako, ongeza bei ya mnada, meli, na gharama za bandari. Lako liko hapa tayari, limejulikana hali yake, halina miezi miwili ya kusubiri. Lakini lina kilomita za barabara zetu. Kwa kawaida litakaa chini ya jumla hiyo.

5. Ulichoongeza

Najua inauma. Pesa ya ekzosi, springi za kushusha, rimu, na programu ya injini hairudi ikiuzwa pamoja na gari. Mara nyingi hupunguza, kwa sababu mnunuzi anaona programu ya nguvu anasoma "gari hili limepigwa sana".

Kama bado una vifaa vya kiwandani, virudishe. Uza vya ziada kando kando kwa wenye magari kama lako. Hapo utapata sehemu nzuri ya pesa yako. Rimu za asili zikiwa na tairi za 245/40R18 zenye kashata zinanifanya mimi mwenyewe nilitazame gari kwa imani zaidi kuliko rimu za kung'aa. Kitu kimoja ndicho ningekiacha: injini iliyofunguliwa na kujengwa upya kwa pistoni imara na fundi anayejulikana, yenye risiti na picha za kazi. Hiyo ina mnunuzi wake, ila ni mmoja kati ya kumi, na itabidi umsubiri.

6. Andika hesabu

Tuseme bei za kweli ulizopata kwa GRB za gia za mkono ni 1,620,000, 1,700,000, 1,740,000 na 1,780,000. Ile ya juu ilikuwa na kumbukumbu zote za matengenezo. Ile ya chini ilikuwa imepakwa rangi upya upande mmoja. Lako lina karatasi ya kompresheni na risiti za mkanda wa taiming, kwa hiyo anza na 1,780,000.

Sasa toa. Klachi inateleza ukiwa gia ya tano: uliza bei ya spea na ya fundi, tuseme 95,000. Tairi mbili za mbele zimeisha: 50,000. Bampa limekwaruzwa: hilo rekebisha mwenyewe, ni pesa kidogo na linaonekana kwenye picha. Kanuni yangu ni kwamba cha bei nafuu kinachoonekana kirekebishwe, na cha bei kubwa kitajwe na kukatwa. Usibadilishe klachi ili upandishe bei. Mnunuzi hatakulipa yote, na wengine wangependa kuweka wanayoitaka.

Umebaki na 1,635,000. Hiyo ndiyo thamani. Chini yake andika namba ya pili, ambayo hutaishuka hata kama karo ya shule inakuita, tuseme 1,590,000, na umwambie mwenzako nyumbani ili akukumbushe.

7. Bei ya tangazo

Mnunuzi wa Kenya lazima apunguziwe. Usipomwachia nafasi ataona umemdharau. Ongeza kama asilimia sita au saba, lakini angalia vichungi vya utafutaji. Watu huchagua "hadi 1,750,000" au "hadi 2,000,000". Kwa mfano wetu, 1,745,000 inaonekana na wengi kuliko 1,760,000.

Kwenye tangazo taja klachi na tairi, na useme bei imeshazingatia. Utapokea simu chache, ila za watu wanaokuja.

Majira nayo yana uzito. Januari ni ya karo, usitangaze. Wiki za kabla ya Safari Rally damu za watu huwa zimechemka. Tangu mbio ziliporudi kwenye ubingwa wa dunia 2021 zilikuwa Juni, na kuanzia 2024 zikahamia Machi. Atakayetaka kwenda Naivasha, ambako mbio hufanyika, akiwa ndani ya STI yake ataanza kutafuta mwezi mmoja na nusu kabla.

8. Simu zitakuambia kama umekosea

Simu ya kwanza itakuwa: "Bosi, bei ya mwisho ngapi?" Usitaje. Ukitaja, hiyo inakuwa bei ya kuanzia atakapofika. Jibu langu lilikuwa: "Karibu ulione kwanza, uje na fundi wako. Tukiwa mbele ya gari tutaelewana."

Wiki nzima bila simu, bei iko juu. Shusha mara moja kwa kiasi cha kuonekana, si elfu kumi kumi kila siku kama anayekimbizwa. Wanakuja lakini hawatoi ofa, basi gari halifanani na ulivyolieleza, kwa hiyo rudi ulitazame kwa macho ya mgeni. Na wakija watu watatu wasiojuana wakataja namba zinazokaribiana, hiyo ndiyo bei, hata kama daftari lako linasema vingine.

Ofa ikija, fundi wake atataja makosa. Yale uliyoyatangaza mjibu kwa utulivu kwamba yameshakatwa, mwoneshe hesabu. Akipata jipya la kweli, mkubalie na mgawane gharama yake.

9. Pesa na karatasi

Malizieni benki, mchana. Hundi haizidi shilingi milioni moja nchini, na M-Pesa haibebi kiasi hiki, kwa hiyo ni RTGS, yaani uhamisho wa moja kwa moja kutoka benki hadi benki, na ujumbe wa "nimeshatuma" si pesa: subiri benki yako ithibitishe. Ndipo uanzishe uhamisho kwenye eCitizen, naye aukubali kwa akaunti yake mkiwa mmekaa pamoja. Kwenye makubaliano ya mauzo andika tarehe, saa na kilomita, wote wawili mtie sahihi na namba za vitambulisho, kwa sababu faini au ajali ya jioni hiyo itamtafuta mwenye jina kwenye mfumo. Kisha pigia bima yako simu ukiwa bado umesimama pale nje ya benki.